Miiba Tusiyoiona



Shule zikifungwa, nyumba nyingi huanza kuzungumza habari za matembezi. Vijana wa kanisani huomba ruhusa ya kupiga kambi. Watoto wa shule ya Jumapili hudai siku yao moja ya kula chakula kando ya mto. Baba naye, akipata nafasi, huahidi kuwapeleka wanawe kuona wanyama. Sisi akina mama ndio tunaopika chapati za safari, tunaohesabu vikombe na kukumbuka blanketi. Na mtoto akilia huko porini, ni sisi tunaoitwa kwanza.

Kabla ya kuondoka huwa tunawaonya watoto juu ya nyoka, nyuki na maji yenye kina. Maonyo hayo ni mema. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na ambao mara nyingi hupewa sanduku la huduma ya kwanza wakati kanisa linaposafiri, tunajua kwamba kuna kitu kingine kinachowaliza watoto mara nyingi zaidi ya nyoka, nacho hakionywi. Kitu hicho ni mpungate.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mmea huu na miiba yake, hasa ile midogo ambayo macho hayaioni upesi. Hiyo ndiyo inayoleta taabu kubwa, na ndiyo ambayo mama akijua namna ya kuitoa mapema atamwokoa mtoto wake na maumivu ya wiki nyingi.

MMEA WENYEWE

Mpungate ni ule mmea wa jamii ya dungusi, usio na majani kama miti mingine. Mwili wake ni vipande vinene vya kijani, bapa, vilivyoungana kimoja juu ya kingine. Huota maua ya manjano, na matunda yake yakiiva huwa mekundu au ya rangi ya zambarau.

Asili yake si kwetu. Dungusi wa aina hii walitoka katika nchi za Amerika. Huko Meksiko mpungate ni chakula cha kila siku, tena umechorwa katika bendera ya taifa lao, tai akiwa amesimama juu yake. Uliletwa Afrika kwa kuwa ulifaa kupandwa kama ua wa boma. Haukauki wakati wa kiangazi, na ng'ombe hapenyi.

Baadaye ukatoka uani ukaingia porini. Nchini Kenya, wenyeji wa Laikipia, hasa upande wa Doldol, wanaujua vizuri kuliko sisi wengine. Huko mpungate umefunika malisho ya maelfu ya ekari. Ndovu na nyani hula matunda yake na kutawanya mbegu pamoja na kinyesi. Kipande kimoja kikikatika na kuanguka chini, huota mizizi kikawa mmea mpya. Mbuzi na kondoo wanaokula matunda hayo hupata vidonda mdomoni na tumboni, na wafugaji wengi wamepoteza mifugo yao. Tangu mwaka 2014 wataalamu wamekuwa wakipeleka huko vijidudu vya kochinili, ambavyo hufyonza utomvu wa mpungate mpaka ukanyauka. Kazi hiyo inaendelea, lakini mimea iliyobaki ni mingi.

Kwa hiyo familia inayokwenda kutembea Laikipia, au sehemu nyingine kavu ambako mmea huu umeenea, haina budi kuutarajia. Utaukuta kando ya njia, karibu na mto, hata pale penye kivuli kizuri mnapotaka kutandika mkeka.

MIIBA YA AINA MBILI

Akina mama wengi tukiwauliza miiba ya mpungate ni ipi, hutaja ile mirefu, migumu, inayoonekana kutoka mbali. Ni kweli, hiyo huchoma sana. Lakini mwiba mrefu una heri moja: unaonekana. Mtoto akichomwa anaruka, mnautazama, mnaushika na kuuvuta. Mara nyingi shida huishia hapo.

Sasa tazama vizuri mahali mwiba mrefu unapotokea, au tazama ngozi ya tunda lenyewe. Utaona vidoadoa vyenye kitu kama manyoya mafupi ya rangi ya manjano au kahawia. Ukiyaona, utadhani ni laini kama manyoya ya kifaranga. La hasha! Yale ni miiba. Kila kidoadoa kina vinywele vingi mno, na kila kinywele kina vijembe vidogo vilivyoelekea nyuma, mfano wa ndoana ya samaki. Ukigusa kidogo tu, vinachomoka kwenye mmea na kubaki katika ngozi yako. Vijembe hivyo huviacha viingie kwa urahisi, lakini huvizuia visitoke.

Watu husema kwamba miiba hii ina sumu. Haina sumu kama ya nyoka au nge. Maumivu yake yanatokana na kuwa vinywele hivyo ni vingi, vimekwama, na kila nguo au kidole kikivigusa vinazama zaidi. Hata upepo unaweza kuvipeperusha kutoka kwenye mmea mkavu.

Ngozi iliyojaa vinywele hivi huwasha, hutoka vipele, na mara nyingine hudhaniwa kuwa ni upele wa kuambukiza. Huko Israeli, ambako matunda haya huchumwa kwa wingi, waganga wamewahi kuandika habari za wachumaji wenye vipele vidoleni, kifuani na hata sehemu za siri, vinavyofanana kabisa na upele. Kumbe ni vinywele vya mpungate. Mama akimpaka mtoto wa namna hiyo dawa ya upele, atapaka mwezi mzima bila nafuu.

KISA CHA GOTI LILILOVIMBA

Wakati mmoja tuliletewa msichana wa miaka tisa aliyekuwa akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, lina joto, na hakuweza kulikunja. Mama yake alisema hajaanguka wala hajapigwa. Alikuwa amekwisha kumkanda kwa maji moto siku nyingi, na jirani alikuwa amemshauri apeleke mtoto kwa mtu wa kuchua mifupa.

Tulimuuliza mtoto polepole, mama akiwa ametoka kidogo kwenda kuchukua kadi. Ndipo aliposema kwamba wiki tatu nyuma walikwenda matembezi na wenzake, wakacheza kujificha, naye akapiga goti juu ya mpungate. Mwiba ulikatika. Aliuona ukiingia, akafunika kwa gauni lake. Kwa nini hakusema? Alitujibu kwamba mama alikuwa amemwambia asiharibu gauni jipya na asiende upande wa vichaka. Aliogopa kuchapwa.

Daktari alimpima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumiwa pia kutazama mtoto tumboni, akakuta kipande cha mwiba karibu na kiungo. Alifanyiwa upasuaji mdogo kikatolewa, goti likasafishwa, na baada ya muda akaanza kutembea vizuri. Tunamshukuru Mungu kwamba hakupelekwa kuchuliwa, kwa maana kuchua kungekizamisha zaidi.

Tumeeleza kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kipande cha mwiba wa mmea kikibaki karibu na kiungo huweza kuleta uvimbe siku nyingi baadaye, wakati watu wote wamekwisha kusahau safari. Tena, mwiba wa mmea aghalabu hauonekani katika picha ya eksirei kama uonekanavyo msumari. Kwa hiyo, mama, mtoto akivimba kiungo baada ya matembezi, mwambie mganga waziwazi: "Alikwenda porini tarehe fulani, na huko kulikuwa na miiba." Neno hilo moja litamwonyesha mahali pa kutafuta.

Sababu ya pili ni ile hofu ya mtoto. Tutairudia mbele.

NAMNA YA KUITOA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtoto amekuja akilia, mkono wake umejaa miiba. Ufanye nini?

Kwanza, tulia, na umtulize yeye. Mkalishe mahali penye mwanga. Mkataze kusugua, kujikuna au kuweka mkono mdomoni. Kama miiba imeingia kwenye nguo, ivue taratibu, ukiikunjia nje ili isipite usoni.

Pili, nawa mikono yako kwa sabuni. Kama unazo glavu, vaa.

Tatu, toa miiba mirefu kwanza. Tumia kibano kidogo, kama kile wanachotumia wanawake kung'olea nyusi. Kisafishe kwa spiriti, au kichemshe kwa maji. Shika mwiba karibu kabisa na ngozi, uvute upande uleule ulioingilia, bila kuupinda. Ukiupinda utakatika.

Nne, geukia vinywele. Mlaze mtoto mkono, umulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mwanga wa ubavuni huvifanya vinywele ving'ae, nawe utaviona. Kama bibi yupo na ana miwani ya kusomea, iazime. Toa vile vilivyokusanyika pamoja kwa kibano kilekile.

Tano, kwa vile vilivyobaki, tumia gundi. Msishangae. Tunasema gundi nyeupe ya kawaida, ile watoto wanayobandikia karatasi shuleni. Paka tabaka jembamba mahali penye vinywele, laza juu yake kitambaa cha shashi, ukibonyeze kidogo kwa upole kishike. Subiri ikauke kabisa, kama nusu saa. Kisha banduabandua shashi kuanzia pembeni. Vinywele vitatoka vimenaswa kwenye gundi. Unaweza kurudia mara ya pili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1987 waganga wa Marekani walichapisha utafiti waliofanya kwa sungura, wakilinganisha njia mbalimbali za kutoa miiba ya dungusi. Kibano peke yake kilitoa takriban robo tatu ya miiba. Ile karatasi ya kunata iliyopendwa na watu wengi ilitoa kama theluthi moja tu. Lakini kibano kikifuatwa na gundi na shashi, miiba iliyotoka ilifika asilimia 95. Ni dawa ya bei ndogo, na kila mama anaweza kuwa nayo.

Sita, osha mahali hapo kwa sabuni na maji safi mengi, ukaushe kwa kugusagusa. Kama mtoto anaumwa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Kama kuwashwa kunazidi siku zifuatazo, mwone mganga. Zipo dawa za kutuliza.

YA KUEPUKA

Yapo mambo tuliyorithi ambayo ingefaa tuyaache.

Usitoe miiba hii kwa meno. Tunajua mama wengi hufanya hivyo kwa upendo, hasa kwa mtoto mchanga. Vinywele vya mpungate vitahamia kwenye midomo na ulimi wako, na kuvitoa huko ni kazi ngumu kuliko kuvitoa mkononi.

Usitumie gundi kali, ile inayokauka mara moja na kuunganisha vyuma au viatu. Hiyo hushikamana na ngozi yenyewe, na huweza kuifungia miiba ndani.

Usitumie sindano au pini moja kwa watoto wote. Katika matembezi utaona watoto sita wamepanga foleni, na mwalimu mmoja mwenye pini moja. Damu ya mmoja inaweza kumpelekea mwenzake homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI. Na hata kama kila mtoto ana sindano yake, kuchimbachimba ngozi kunafungua njia ya vijidudu. Mwiba uliozama usioweza kushikwa kwa kibano mwachie mwuguzi au daktari.

Usipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Hayavuti mwiba, na udongo na kinyesi vinaweza kuleta pepopunda.

MAHALI PA HATARI

Kuna sehemu tatu za mwili ambazo hatupendi mama azishughulikie mwenyewe nyumbani.

Jicho. Mtoto akisugua jicho kwa mkono wenye vinywele, vinaweza kuchoma kioo cha jicho. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, na mtoto hataki mwanga. Unaweza kuliosha kwa maji safi, lakini usijaribu kutoa chochote kwa pembe ya leso. Kama mwiba unaonekana umechoma jicho, usiuguse wala usikandamize. Lifunike kwa kitu kisicholigusa, kwa mfano sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mdomo na koo. Mtoto aliyeuma tunda bila kuliandaa huja na midomo iliyovimba, akitema mate. Msuuze kwa maji. Vile vya midomoni vinavyoonekana vinaweza kutolewa kwa kibano. Lakini akiwa hawezi kumeza, sauti imebadilika, au anapumua kwa shida, msingoje. Hospitali.

Viungo. Mwiba ulioingia sana kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu au vidole, hata kama maumivu yamepungua, uonwe na mganga.

Tena, kwa mwili wote, kuna dalili za kurudi zahanati bila kuchelewa: wekundu unaoenea, usaha, mstari mwekundu unaopanda mkono au mguu, homa, au kivimbe kigumu kisichoondoka. Vivimbe vya namna hiyo hutokea mwili unapojenga ukuta kuzunguka kinywele kilichobaki, na vinaweza kukaa miezi kadhaa. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia awe mwangalifu zaidi, maana anaweza kutembea na mwiba bila kujua.

KUHUSU PEPOPUNDA

Kila jeraha la kuchomwa, hata liwe dogo kama ncha ya kalamu, linaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, ambavyo huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya siku 3 na siku 21 baada ya jeraha. Taya hukaza, shingo na mgongo vikafuata. Unaua, lakini unazuilika.

Tazama kadi za watoto wako kabla ya safari. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ameanza vizuri, lakini kinga hiyo hupungua na miaka, na huhitaji kuongezewa. Kwa jeraha chafu, mtu ambaye imepita miaka 5 tangu chanjo yake ya mwisho ya pepopunda, au ambaye hakumaliza chanjo, yafaa aende zahanati akaulize. Nawe mama, zile sindano ulizopigwa ulipokuwa mjamzito zilikuwa za kukulinda wewe na mtoto. Tunza kadi yake usiitupe. Na baba je? Wanaume wengi hawajui walichanjwa lini. Muulize wako.

KUJIKINGA SAFARINI

Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wazee. Kwa familia inayosafiri tunashauri haya.

Watoto wavae viatu vilivyofunika vidole, na suruali au nguo ndefu. Malapa ni ya nyumbani. Kabla ya kutandika mkeka au kusimamisha hema, fagieni mahali hapo kwa tawi na kutazama chini. Vipande vikavu vya mpungate hujificha kwenye nyasi vikiwa na miiba yote. Michezo ya kukimbizana ifanywe mahali peupe, mchana.

Katika sanduku la huduma ya kwanza ongeza kibano, chupa ndogo ya gundi nyeupe, shashi, spiriti, sabuni, tochi na chano pana, kwa kuwa kipande kizima cha mpungate kikishika nguo au mguu, unaweza kukibandua kwa chano bila kukigusa kwa mkono. Vyote hivi vinaingia katika mkebe mmoja wa biskuti.

Watoto wakitaka kuonja tunda, wasizuiwe kwa kutishwa. Ni tunda tamu, linalolika. Ila liandaliwe na mtu mzima. Lichume kwa koleo au kwa vijiti viwili. Libingirishe juu ya moto mpaka manyoya yaungue, au lisugue kwa brashi ndani ya maji mengi. Kisha likate ncha zote mbili, lipasue ngozi kwa urefu, ulitoe nyama kwa uma. Ngozi itupwe shimoni, isiachwe walipo watoto.

Neno la pekee kwa mama anayenyonyesha. Ukiwa umechuma au kumenya matunda haya, nawa mikono, badili kanga au blauzi, kisha ndipo umchukue mtoto. Vinywele vilivyokwama kwenye kanga huhamia kifuani pako na shavuni mwa mtoto mchanga. Atalia usiku kucha, nawe utadhani ni tumbo. Na mkirudi nyumbani, nguo za safari zikung'utwe nje, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala chupi. Mfuaji avae glavu. Nguo iliyojaa vinywele kupita kiasi ni heri kuitupa kuliko kuivaa.

MMEA MWINGINE UNAODHANIWA NI DUNGUSI

Wengine huita dungusi hata ile miti mikubwa ya porini, yenye matawi mazito ya kijani yaliyosimama juu kama kinara cha mishumaa. Hiyo ni jamii nyingine, ni ndugu wa mnyaa tunaopanda uani. Utaitambua kwa maziwa yake: tawi likikatika, hutoka utomvu mweupe mwingi. Shida yake si mwiba bali utomvu huo. Ukiingia machoni huunguza, na mtu anaweza kushindwa kuona kwa muda. Hapo osha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Watoto waambiwe wasivunje matawi hayo wala kuyatumia kama fimbo za mchezo.

MTOTO ASIYESEMA

Tuliahidi kurudi kwenye hofu ya mtoto. Katika miaka yetu ya kazi tumeona kwamba miiba mingi inayofika hospitalini imechelewa, nayo haikuchelewa kwa sababu hospitali iko mbali. Imechelewa kwa sababu mtoto alinyamaza. Alivua viatu mahali alipokatazwa. Alichuma tunda bila ruhusa. Alichana nguo ya kanisani. Basi akapima moyoni mwake: je, niseme, au nivumilie? Akachagua kuvumilia, kwa kuwa mwiba alikuwa ameuzoea tayari, lakini hasira ya mama alikuwa hajui itafika wapi.

Hatusemi watoto wasikanywe. Mtoto asiyekanywa huumia mara mbili. Tunasema kuna wakati wa kutoa mwiba na wakati wa kufundisha, na nyakati hizo mbili zisichanganywe. Mtoto akija na mguu wenye miiba, kwanza shika kibano. Sema, "Pole, mwanangu. Nionyeshe." Kesho yake, mguu ukiwa umepoa, mkalishe umwambie kwa nini ulimkataza. Atakusikia vizuri zaidi wakati huo kuliko anapolia.

Na mkitoka matembezini, msingoje mtoto aseme. Jioni hiyohiyo, wakati wa kuoga, tazama nyayo, magoti, viganja na katikati ya vidole. Pitisha kiganja chako polepole juu ya ngozi yake. Akishtuka mahali, simama hapo, lete tochi. Kwa wale wakubwa wanaojiogesha wenyewe, uliza kwa upole, mmoja mmoja, mbali na ndugu zake: "Kuna mahali panakuchoma?" Swali hilo haligharimu kitu. Wala msimsahau baba, ambaye huona aibu kusema amechomwa na kitu kidogo hivyo, akalala na kisigino kilichovimba.

Akina mama wenzetu, wapelekeni watoto wenu wakaone milima, mito na wanyama ambao Mungu ameiumba. Msiwafungie nyumbani kwa kuogopa miiba. Fungeni tu ule mkebe wa biskuti wenye kibano na gundi, mwuweke juu kabisa ya kikapu, na mwaambie watoto wote kabla gari halijaondoka kwamba atakayechomwa aje aseme, na hatachapwa.

Tukijaliwa, tukutane tena mwezi ujao. Safari njema.